Tupeane uzoefu: stori ya mhusika anayebadilika jinsia ilikukuta wapi?

kijenge_juu:
Wakuu habari za Jumapili. Jana nilikuwa kwa sista Sakina, mwanae wa darasa la sita kakodolea katuni ya Kijapani, chalii akimwagiwa maji ya baridi anakuwa binti, ya moto anarudi. Nikaruka, si Ranma hii! Manga ya Rumiko Takahashi, ilianza 1987, mie niliangalia kwenye CD ya kuchoma, baba mtu akilowa anakuwa panda. Kumbe wameitengeneza upya 2024. Dogo kaniuliza, anko wewe ungechagua maji gani? Nikamwambia zima TV ukaoge. Haya, nyie vitu hivi viliwakuta wapi?

sanawari_baridi:
Arusha hii mwezi wa saba, heater imekufa, ungekuwa binti mpaka Septemba.

mzee_wa_ngarenaro:
Aisee umenitonesha. Nilikuwa nimemaliza fom foo nasubiri matokeo, Ngarenaro kulikuwa na kibanda umiza kiingilio mia tatu, mabenchi ya mbao na feni inayopiga kelele kuliko spika. Siku hiyo ubaoni wameandika kwa chaki PREDESTINATION MPYA INATAFSIRIWA LAIVU, nikaingia na bro wangu. Inaanza baa, jamaa anamsimulia mhudumu maisha yake, na uhondo wote ni kwamba hujui huyu jamaa alizaliwa binti, akaachwa mlangoni kwenye kituo cha yatima, akakua, akazaa, ndo madaktari wakagundua ana viungo vya pande zote mbili wakampasua akaamka mwanaume. Hapo unatakiwa ufike polepole. Sasa mtafsiri wetu alishaiona, kakaa na maiki pembeni ya TV, muvi haijachanganya hata kidogo anatuambia "huyu dada anamwambia baamedi". Kibanda kizima, dada yupi? Anasema "huyu dada mwenye koti, mtaelewa mbele". Chalii mmoja nyuma akasimama, we unamtukana stelingi, stelingi atakuwaje dada! Ikaruka chupa ya maji, likafuata benchi, mwenye kibanda akazima jenereta, hela hakurudisha. Mpaka leo kinachoniuma siyo mia tatu. Kiswahili kilishampa njia ya bure kabisa, "alizaliwa", "aliachwa", "yeye", angeteleza nayo hadi mwisho na asingeshtuka mtu. Mwenyewe akachomeka "dada".

manka_majengo:
Hiyo ya "yeye" kweli tupu.

ticha_mstaafu:
Mkuu wa Ngarenaro, hilo la "yeye" lilimtesa hata Ursula Le Guin. Kitabu chake cha 1969, The Left Hand of Darkness, kina watu wa sayari ya Gethen, siku nyingi za mwezi hawana jinsia, wakiingia kipindi cha kemmer ndo mtu anakuwa mke au mume, na safari nyingine anaweza kuangukia upande wa pili. Kwa Kiingereza aliwaita wote kwa neno la kiume, akalaumiwa, na baadaye mwenyewe akajutia. Mimi niliwatafsiria wanangu kurasa chache usiku umeme umekatika, nikafika pale mfalme ana mimba. Hawakushangaa chochote, wakauliza tu mtoto atanyonya wapi.

kaloleni_mdogo:
Mmeisahau Secret Garden ya Korea, 2010, tajiri na dada wa kufanya stanti wanaamka kila mtu kwenye mwili wa mwenzake.

sanawari_baridi:
Hiyo siyo. Hao wamehamiana tu kama wapangaji.

kaloleni_mdogo:
Kwa hiyo Your Name, ile katuni ya Kijapani ya 2016 wanayobadilishana miili, nayo unaitoa? We nani?

sanawari_baridi:
Naitoa.

kaloleni_mdogo:
Toa na Ranma basi.

sanawari_baridi:
Ranma mwili ni wake mwenyewe!!

manka_majengo:
Nyie wawili nendeni inbox.

mlinda_mila:
Mambo ya wazungu haya mnawalisha watoto, halafu mkija kulia.

bibi_tarakea:
Wazungu gani baba? Sisi tumekulia huku mpakani, mama mmoja Mkikuyu jirani yetu alituambia ukiuzunguka mti wa mugumo mara saba unabadilika jinsia. Tukaenda watoto wanne. Tumezunguka raundi sita, ya saba kila mmoja anamsukuma mwenzie, anza wewe, hapana anza wewe, mwisho tukatimua mbio. Kaka yangu sasa hivi ana wajukuu, akikutana na mti mkubwa njiani anapita upande uleule alioupita asubuhi.

mpita_njia:
Nilitaka nisome tu nikae kimya, bibi umenishinda. Fom thrii, shule ya bweni Moshi, niliandika stori kwenye kauntabuku. Chalii wa Kiboriloni anauza mitumba, kila akivuka mto Karanga anakuwa binti, akirudi anarudi. Mwili alishauzoea, shida yake ni madeni, ng'ambo ile anadaiwa, ng'ambo hii anadai, na wateja hawamtambui. Bweni zima lilikuwa linanilipa maandazi kwa kila kurasa mbili. Siku moja prepo mwalimu wa nidhamu akaikuta, asubuhi akaisoma paredi mbele ya shule nzima kwa sauti ya kubana pua. Nilitamani ardhi ipasuke. Ila akafika pale chalii anajidai deni mwenyewe, watu wakacheka, siyo kunicheka mimi, walicheka stori, hata yeye mdomo ukamponyoka akafunga daftari haraka. Nikapewa wiki mbili nyumbani na mzazi aje. Mzee akashuka na buti za shambani, akakabidhiwa daftari kama kizibiti, akasaini, hakusema neno. Kwenye Hiace akavaa miwani akafungua ukurasa wa kwanza. Mimi dirishani nahesabu siku zangu. Tumefika njia panda ya Machame ndo anafunga, haniangalii, anauliza, "Sasa lile deni la mitumba nani analipa?"

kijenge_juu:
😂😂😂 mzee wa maana huyo

kaloleni_mdogo:
Kaka weka sehemu ya pili!

mpita_njia:
Nani kakwambia mimi kaka?

kaloleni_mdogo:
Samahani dada.

mpita_njia:
Na dada nani kasema?

mzee_wa_ngarenaro:
Mtafsiri wa kibanda umiza tumempata.

manka_majengo:
Kuna yangu naandika, mhusika anabadilika usingizini. Nieleze sababu au niache?

ticha_mstaafu:
Acha. Orlando kwenye riwaya ya Virginia Woolf, 1928, analala huko Constantinople akiamka ni mwanamke, hajaelezwa mtu chochote na maisha yanaendelea.

bibi_tarakea:
Eleza mwanangu. Usipoeleza watu watauliza nani kamroga.

sanawari_baridi:
Anza na leseni ya bodaboda, trafiki akimsimamisha picha ni ya nani.

mlinda_mila:
Mimi bado sikubali, ila yule wa mitumba alilipwa au hakulipwa?

mpita_njia:
Daftari analo mzee.

kaloleni_mdogo:
Wa Ngarenaro, ile muvi kibandani uliondoka bila kuona hata kwamba mhudumu wa baa naye ni huyohuyo mtu mmoja?

mzee_wa_ngarenaro:
Ni nini??

kaloleni_mdogo:
Si ya 2014 hiyo kaka...

mzee_wa_ngarenaro:
Nilikuwa naitafuta niimalizie.