Jaribio la chupa asilimia 82, tenki la marudio asilimia 46: dhahabu nyingine imebaki wapi?

MarudioZiwa

Habari wakuu. Nina rundo la marudio huku Geita, mchanga wa mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu) ya zamani uliokwisha pita karasha na zebaki. Sampuli ya pamoja ilipelekwa maabara, jibu likaja gramu 2.6 za dhahabu kwa tani. Maabara hiyohiyo ikafanya jaribio la chupa la saa 48, yaani mchanga unazungushwa chupani na sayanaidi, dawa inayoyeyusha dhahabu; ikatoa asilimia 82 ya dhahabu.

Tenki la kwanza la vati (mchanga umetulia, dawa inapita kati yake) likajazwa: tani 50, kina mita 1.8, sayanaidi miligramu 500 kwa lita, dawa ikazungushwa siku 10 kupitia kaboni inayonasa dhahabu. Kaboni imetoa gramu 60, wakati tani 50 kwa hesabu zina gramu 130. Maji yanayotoka chini yana pH 9.6 na sayanaidi miligramu 120 kwa lita. Mabaki bado yamo tenkini. Niongeze sayanaidi na siku, au tatizo liko kwingine?

Chokaa_Kwanza

Mkuu, usiongeze chochote kwanza, na hayo mabaki usiyatoe. Kaulize maabara jambo moja: mchanga uliotiwa kwenye chupa ulikuwa kama ulivyotoka rundoni, au ulikuwa unga uliobaki baada ya kusagwa kwa ajili ya kupima dhahabu? Maabara nyingi huchukua kilo moja ya unga uleule, uliosagwa kwenye kinu cha pete hadi sehemu kubwa ipite chujio la maikroni 75. Ndani ya tenki lako hakuna kinu. Dhahabu iliyofungwa ndani ya punje ya kwatzi ya maikroni 300 itafunguka kwenye unga huo, lakini tenkini dawa haiifikii hata ukiiacha mwezi mzima. Kama ndivyo ilivyokuwa, ile 82 ni jibu la mchanga mwingine.

Rudia jaribio hivi. Chukua kilo 1 ya mchanga mkavu usiosagwa, igawe kwa kigawanyio cha sampuli, si kwa kuchota juu juu na kijiko. Tia maji lita 1.5. Weka chokaa kidogo kidogo, tikisa, pima, hadi pH ikae 10.5 kwa saa nzima bila kushuka, na andika gramu zilizotumika. Sayanaidi ifuate baada ya hapo, gramu 1.5, ili uanze na gramu 1 kwa lita. Chupa izunguke ikiwa wazi kwa tundu dogo mdomoni, maana oksijeni lazima iingie. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi, maji yaliyojaa hewa yana oksijeni kama miligramu 7 tu kwa lita. Huna akiba ya kupoteza.

Chukua mililita 20 saa ya 2, 4, 8, 24 na 48. Kupima sayanaidi: pipeti yenye balbu, kamwe si mdomo, mililita 10 za maji yaliyochujwa, matone matatu ya rodanini (rangi inayoonyesha mwisho wa kipimo), kisha dondosha nitrati ya fedha ya gramu 1.733 kwa lita. Njano ikigeuka waridi iliyopauka na kubaki hivyo, funga bureti, lile bomba la kudondoshea. Kila mililita 1 iliyoshuka ni miligramu 100 za sayanaidi kwa lita.

Mwisho osha mabaki, yakaushe, yapime. Usikokotoe asilimia kwa kutumia ile 2.6. Jumlisha dhahabu iliyo majini, ile iliyotoka na vile vichupa vya mililita 20, na ile ya kwenye mabaki. Hiyo ndiyo dhahabu iliyokuwemo kwenye chupa. Ikipishana sana na 2.6, kasoro iko kwenye sampuli, na hapo majibu yote mengine hayana msingi.

MarudioZiwa

Nimeuliza. Ni kweli, ulikuwa unga wa kinu. Lakini hawa jamaa wa jirani wanatumia miligramu 1,000 kwa lita na wanasema wanapata zaidi. Siwezi kufidia kwa dawa?

Punje_na_Chujio

Gramu 1 ya dhahabu kwa hesabu ya kemia inahitaji kama nusu gramu tu ya sayanaidi. Gramu 130 zako zingetosheka na gramu 65. Dawa inayoisha kwenye tenki inaliwa na vitu vingine, au haifiki ilipo dhahabu. Ukiiongeza utawalisha walaji haohao.

Kabla ya kemia, angalia mabaki yalivyolala. Yaache maji yaishe, pitisha maji safi ya chokaa kuoshea hadi sayanaidi ishuke karibu na sifuri, ndipo mtu aingie, akiwa na kipimo cha gesi kifuani. Gawa uso wa tenki mara 12. Kila sehemu zamisha bomba na utoe sampuli tatu kwa kina: sentimita 0 hadi 60, 60 hadi 120, na 120 hadi chini. Sampuli 36, kila moja na lebo yake. Sampuli zote zikikaribiana, kwa mfano 1.3 au 1.4 kila mahali, dawa imefika ila dhahabu imefungwa kwenye punje. Zikiwa 0.6 kando ya ukuta na 2.3 katikati, dawa imekimbilia pembeni. Katika tenki la namna hiyo mara nyingi utaona kwa macho: mchanga wa pembeni umesafika na kupauka, katikati kuna tope la kijivu linalonata kwenye koleo kama ugali usioiva.

Chanzo chake ni ujazaji. Toroli likimwagwa sehemu moja, mchanga hujenga kichuguu, punje kubwa huporomoka hadi ukutani na zile laini hubaki katikati. Watu nao wanapita juu yake wakikanyaga. Maji hayajui dhahabu iko wapi, yanafuata njia nyepesi.

Pima pia kasi ya maji kushuka. Tuseme mchanga una nafasi wazi asilimia 40. Kwa kina cha mita 1.8, kubadilisha maji ya ndani mara moja ni sentimita 72 za maji. Yakishuka sentimita 1 kwa saa, hizo ni siku tatu. Kwa siku zako 10 utakuwa umebadilisha maji mara tatu tu, na oksijeni iliyoingia nayo ni ya mara tatu.

Chokaa_Kwanza

Naunga mkono hizo sampuli 36. Naongeza kuhusu hiyo pH 9.6, maana ndiyo inayonitisha zaidi. Kwenye 9.6 zaidi ya robo ya sayanaidi huru iko katika umbo la gesi, inapotea hewani na wafanyakazi wanaivuta. Marudio yaliyokaa mvuani miaka mingi yakiwa na pairaiti (madini ya chuma na salfa) huwa na asidi. Chokaa ichanganywe na mchanga mkavu wakati wa kujaza, kwa kiasi ulichopata kwenye chupa, kisha maji ya chokaa matupu yazunguke hadi yanayotoka chini yasome 10.5. Sayanaidi isiguse tenki kabla ya hapo.

ShabaNaZebaki

Mimi ningepima shaba kwenye maji hayo leo hii. Shaba miligramu 150 kwa lita inashikilia takriban miligramu 350 za sayanaidi, kwa hiyo katika 500 ulizoweka dhahabu inaachiwa 150. Tena sayanaidi huru ikipungua, shaba hupanda kwenye kaboni na kuchukua nafasi ya dhahabu. Hapo kweli kuongeza dawa kuna maana, lakini baada ya kupima, si kwa kumfuata jirani.

La zebaki naomba lisipuuzwe. Sayanaidi huyeyusha zebaki, huibeba hadi kwenye kaboni, na siku ya kuyeyusha dhahabu inatoka kama mvuke mbele ya uso wa mtu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataja wazi kuchenjua kwa sayanaidi mchanga wenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Pima zebaki ya rundo, na utenganishe kwa uzito, meza ya kutikisa au sentrifuji, kabla ya tenki. Haitatoka yote, hivyo pima tena baada ya hapo.

MarudioZiwa

Shukrani wakuu, sampuli 36 zinaanza kesho baada ya kuosha. Zikionyesha tope la katikati, nisage upya au nifanye madonge kwa saruji?

Punje_na_Chujio

Chujio ndilo litakalokujibu. Pitisha kilo 1 ya mabaki kwa maji kwenye chujio za maikroni 150, 75 na 38, pima dhahabu ya kila fungu. Dhahabu ikiwa nyingi kwenye yaliyobaki juu ya 150, saga, na ukishasaga achana na vati, tumia tenki la kukoroga. Ikiwa kwenye tope la chini ya 38, hiyo dhahabu ilikuwa wazi, haikufikiwa na dawa tu. Tengeneza madonge.

Usianze na tani 50. Chukua bomba la plastiki la inchi 6, urefu uleule wa mita 1.8, linaingia kama kilo 46. Jaza mawili: moja mchanga mtupu, la pili mchanga uliochanganywa saruji kilo 5 kwa tani, ukanyunyiziwa maji huku ukiviringishwa hadi tope lishike punje kubwa, ukaachwa saa 48 ukiwa umefunikwa turubai. Kabla ya kulijaza la pili, tumbukiza donge moja kwenye glasi ya maji. Likimeguka na maji yakachafuka, ongeza saruji hadi kilo 8 na urudie.