Urejeshaji wa uoto: wasomi au wafugaji walitangulia?

Mwanafunzi_Moro:
Shikamooni wakubwa. Nasoma misitu, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba urejeshaji wa uoto kama sayansi ulianzia Wisconsin, Marekani, miaka ya 1930, chuo kikuu kilipootesha upya nyasi za asili kwenye shamba lililochoka. Babu yangu wa Meatu anasema ngitili, yale malisho ya Wasukuma yanayofungwa kwa msimu, ni za zamani zaidi. Insha yangu ianzie wapi?

NgwanaKishapu:
Marahaba kijana. Anza na babu yako. Nimestaafu ubwana misitu hukuhuku Shinyanga.

Ngitili hufungwa mvua zikianza, nyasi zikue, mifugo ifunguliwe kiangazi kikikaza. Wasukuma walikuwa nazo kabla ya mradi wowote. Zilivurugwa na mapori kufyekwa enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, na pamba, kisha watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. HASHI, mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, inaanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi.

Awali mkazo ulikuwa vitalu na miche. Lakini msitu ulirudishwa na visiki! Ardhi ilionekana uchi, kumbe chini mizizi ya migunga ni hai. Zuia ng'ombe na shoka, inachipua yenyewe. Wazee walilijua hilo. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikaweka sheria, sungusungu wakalinda, mkaidi akalipa faini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tathmini zilikuta zaidi ya hekta 300,000.

Mpima_Miti:
Mzee, heshima yako. Ila hizo hekta nani alizipima? Bila watafiti, wakiwemo wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, nani nje ya Shinyanga angeamini?

NgwanaKishapu:
Kweli kabisa, na nawashukuru. Walipima, wakaorodhesha miti, wakakokotoa kipato cha kaya kutokana na kuni, dawa na asali. Takwimu hizo ndizo zinazosikilizwa wizarani. Ninachokataa ni kuitwa wao waanzilishi. Hata Wisconsin, waliotoa jasho la kupanda ni vijana wa kambi za ajira za serikali. Na moto ambao majaribio ya miaka ya 1940 yalionyesha kuwa nyasi zile zinauhitaji, wenyeji wa Marekani walikuwa wakiuwasha karne nyingi.

Kijana, muulize babu: nani hutangaza kufunga, mti gani haukatwi, faini ilikuwa nini. Majibu yake uyaandike kwa jina lake, akikuruhusu, si "wanajamii walisema".