Mrejesho: Gitaa la zamani limefika, ila si lile nililoulizia

Wakuu, habari zenu. Ni yule niliyeuliza kama nimwamini muuzaji wa mtandaoni mwenye Martin D-28 (gitaa la kampuni ya Martin ya Marekani), maelezo matamu na picha tatu tu. Mlinishauri niombe picha ya namba iliyogongwa ndani, ile unayoiona ukichungulia kwenye tundu la sauti. Alinizungusha siku nne. Ilipokuja, namba ikaonyesha limetengenezwa 1971, na yeye alikuwa ananipigia bei ya rozwudi ya Brazil, mbao adimu na ghali zaidi! Martin walihamia rozwudi ya India mwishoni mwa 1969. Nilipomuuliza akanuna, nikamuaga. Huenda hata yeye hakujua, lakini pesa ni zangu.

Mwisho nimechukua D-18, Martin pia, ya 1967 kwa mtu mwingine. Huyu, bila kuombwa, alipiga picha rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12 (kile kipande cha chuma cha 12 shingoni) nione nyuzi zimeinuka kiasi gani, kisha akanionyesha ufa mdogo kando ya pikigadi (kibao cha kukinga mikwaruzo), ulioshazibwa. Aliyejianika hivyo ndiye aliyenifungua pochi. Akakubali pia nilirudishe ndani ya siku tatu nisipolipenda.

Lilifika nyuzi zimelegezwa, shingo imeegemezwa kwa karatasi zilizokunjwa. Nikaliacha ndani ya boksi usiku kucha lizoee joto la chumba, maana vanishi ya zamani hupasuka ikitolewa kwenye baridi ghafla. Usiku huo sikulala vizuri, nakiri.

Kasoro? Kitasa kimoja cha kukazia nyuzi ni kigumu, na lina harufu ya kabati la bibi. Harufu siitoi.