Gobore la babu: tuliache na gumegume au litiwe fataki?

Mwana_Isevya: Wakuu habari za leo. Babu katuachia gobore la gumegume, yaani lile linalowashwa na cheche za jiwe, kibali kilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo kwa sasa liko polisi hapa Tabora mpaka mambo ya urithi yaishe. Kuna fundi anasema tukipata kibali alibadilishe liwe la fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, maana masika ile baruti ya kuwashia inayokaa kwenye kisahani pembeni ya mtutu ikipata unyevu kidogo tu huna bunduki. Baba anataka, mimi roho inasita, kitakoni kuna alama saba za kisu babu alikuwa anazipapasa kwa kidole gumba akituhadithia. Mnashaurije?

Baba Kulwa: Kwa kazi fataki inashinda, hapo hakuna ubishi. Waingereza walijaribu kwao Woolwich mwaka 1834, mapigo 6,000 kila aina, gumegume ikakataa mara 922, fataki mara 36 tu! Na aliyeanzisha habari hii ni mchungaji wa Uskoti, Forsyth, mwindaji wa ndege, ndege walikuwa wakiona ule mwako wa kisahani wanaruka kabla risasi haijawafikia, ndo akahangaika mpaka akapata hataza (haki ya mvumbuzi) 1807. Mimi ningebadilisha.

Mhunzi wa Kasulu: Baba Kulwa, shikamoo. Hizo namba ni za silaha za jeshi, siyo mtutu uliokaa darini. Wanaobadilisha wengi wanachomeka kipipa chenye chuchu ya kuvalisha fataki pale kwenye tundu la moto, ni rahisi na ndo maana mafundi wanaipenda, ila kile kipipa kinashikwa na uzi mfupi tu wa skrubu na kama chuma kimeliwa na kutu kinaweza kuchomoka siku moja, na jicho la mpigaji liko hapohapo. Njia imara ni kubadili sehemu yote ya nyuma ya mtutu, pale baruti inapolipukia, lakini hapo nusu ya bunduki siyo ya babu tena. Nimeshika mtutu mmoja wa zamani, nje unang'aa, ndani vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Na usimpe mtu asiye na leseni ya kazi hiyo, tafadhali sana.

Binti Ujiji: Mnasahau kitu, fataki zikiisha umebaki na rungu, jiwe unaokota. Halafu Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, zikaruhusiwa za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, ndo sababu mojawapo bara huku zilidumu wakati Ulaya walishaziacha zamani. Ukiondoa ule mtambo wa jiwe unaondoa historia yenyewe, kaka.

Baba Kulwa: Marahaba Mhunzi. Hilo la kutu sikulifikiria, kama haliendi kuwinda basi liacheni.

Mwana_Isevya: Nimemsomea mzee yote, kwenye 922 alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kwenye kutu akanyamaza. Haendi kuwinda. Jumatatu tunarudi polisi kuuliza kama kibali kinaweza kutoka kwa jina lake, na jiwe linabaki.