Mjadala: Je, krimu hafifu ya steroidi ihitaji cheti cha daktari?

Mchangiaji aliyetangulia anapendekeza kwamba krimu zote zenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, zisitolewe pasipo cheti cha daktari, kwa kuwa ameona nyuso nyingi zilizoharibiwa na mkorogo. Uchungu wake ninauelewa, lakini pendekezo lake silikubali.

Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, ikitumiwa kwa siku chache, haiharibu nyuso kwa namna hiyo. Klobetasoli ndiyo yenye madhara hayo, kwani ingawa tyubu yake imeandikwa asilimia 0.05 tu, imo katika kundi la steroidi kali kuliko zote, na wanaojichubua huipaka miezi na miaka hadi ngozi ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana na chunusi zikatapakaa. Asilimia, basi, haipimi ukali, na nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea, wakiwamo baadhi ya wauzaji. Kuzifunga dawa hizi mbili kwa sheria moja ni kumwadhibu mtoto mwenye ukurutu kwa kosa la mchanganya mkorogo.

Nchini Uingereza wafamasia wameruhusiwa tangu 1987 kuuza haidrokotisoni bila cheti, ila isipakwe usoni wala sehemu za siri, isizidi wiki moja, na mtoto wa chini ya miaka 10 aonwe kwanza na daktari. Sidai tuige ruhusa hiyo, kwani ukurutu wa watoto wachanga huanzia mara nyingi mashavuni, na ruhusa hiyo haihusu uso. Ninachodai ni kwamba tabibu na muuguzi wa zahanati, waliofundishwa, waweze kumwandikia mgonjwa haidrokotisoni. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa matabibu kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1990.

Hoja moja ya upande wa pili ni nzito: choa kikipakwa steroidi, muwasho hutulia huku kuvu wakienea, na ile duara inayoutambulisha ugonjwa hufifia. Hata hivyo, hatari hiyo ninaiona zaidi katika tyubu za mchanganyiko, zenye steroidi iitwayo betamethasoni, dawa ya kuvu na antibayotiki kwa pamoja, ambazo mtu huzinunua asijue anaugua nini.

Wanaotaka katazo la jumla watueleze: mama ambaye mtoto wake anajikuna usiku hadi kutoka damu, akinyimwa haidrokotisoni na muuguzi, ni kipi kitakachomzuia asiende kununua tyubu hiyo ya mchanganyiko?