Tumelala wa nne, tumeamka wa tano, na hakuna mpira uliopigwa

Asalaam alaikum wadau. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika moyo ukiwa umenijaa, basi asiye na nafasi apite tu.

Ijumaa baada ya isha nilitazama msimamo wa ligi yetu kwenye simu. Timu yetu, Siyu ya kisiwa cha Pate: nafasi ya nne, pointi 13. Wanne wa juu ndio wanaoingia nusu fainali. Nikapiga picha ya skrini nikairusha kwenye grupu, vijana wakashangilia, mzee mmoja akaahidi mbuzi. Jumamosi asubuhi chai haijapoa, beki wetu wa kulia ananipigia: "Katibu, mbona tumeshuka?" Nafungua, naona wa tano. Pointi zile zile 13, mechi zile zile 8. Usiku ule Lamu nzima hapakupigwa hata danadana, na sisi tumeshuka.

Mimi ni katibu wa timu. Kazi yangu ni daftari, nauli ya boti na kubishana, basi leo niacheni nibishane.

Msimu uliopita ligi iliendeshwa kwa daftari la mistari na karatasi iliyobandikwa ukutani. Msimu huu kamati ikaja na programu ya mtandaoni. Ratiba, matokeo, msimamo, kadi, usajili, vyote humo. Nilifurahi, wallahi. Daftari la mwaka jana lilimwagikiwa na chai na timu mbili zikapoteza mabao yao humo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wa visiwani tunaogopa mitambo. Ninachogombana nacho ni watu kutiki vijisanduku ambavyo hawajui maana yake, kisha sisi ndio tunaolipa.

Tazameni ilivyoanza. Tuko timu 9. Kila timu ikicheza na kila nyingine mara moja, hizo ni mechi 36, nne kila wikendi na timu moja inapumzika, wiki tisa umemaliza. Ratiba ya kwanza iliyotoka ilikuwa na mechi 72! Mtu alitiki "nyumbani na ugenini". Nyumbani kwa nani, yakhe? Sote tunachezea uwanja mmoja, Twaif, mjini Lamu. Wiki kumi na nane zingetutupa katikati ya Ramadhani, watu wanakimbizana uwanjani midomo imekauka. Ile ikafutwa, ikatoka nyingine.

Kwenye ile nyingine, raundi ya pili, mbele ya jina letu pakaandikwa "bai". Kipa wetu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, ndiyo wametuaga? Tumefukuzwa?" Nikamweleza kwamba bai ni zamu ya kupumzika, timu zikiwa witiri lazima mmoja akae nje. Akatulia. Nami nikatulia, mpaka nilipoona tumepewa pointi 3 kwa kukaa nyumbani. Kumbe kuna mahali unachagua bai ihesabiwe kama ushindi au isihesabiwe kitu, na mwenzetu amechagua ushindi. Mwisho wa msimu kila timu ingekuwa imekula zake tatu, hesabu ingerudi sawa, lakini wiki mbili nzima msimamo ulikuwa uongo mtupu na watu wanatambiana nao barazani. Nilikwenda kuripoti mwenyewe, kwa faida ya wenzangu, pointi zikaondolewa. Kumbukeni hilo mnaponiita mlalamishi.

Na zile herufi za juu ya msimamo hazikuwahi kuelezwa. P watu walidhani ni pointi, kumbe ni mechi ulizocheza. Kuna timu ilisherehekea kuwa na P kubwa kuliko wote. Haya, hilo ni la kucheka.

Hili lifuatalo si la kucheka.

Raundi ya tano. Alhamisi usiku mtu wa kamati akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la makatibu: "Jumamosi, Siyu, kumi kamili, msichelewe." Kumi. Kwa mtu aliyezaliwa Lamu, kumi ni alasiri, jua linaanza kulegea, wakati ambao mpira umechezwa pwani hii tangu babu zetu. Yeye mwenyewe alikuwa na maana hiyo hiyo, na ushahidi ninao kwa sauti yake. Lakini kwenye programu aliandika 10:00. Programu haina habari na saa zetu. Kwake 10:00 ni saa nne asubuhi.

Siku ile maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana. Anayeijua Siyu anajua kwamba hatuna bandari ya kujitokea unapotaka. Kuna mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko, na maji yakipwa boti inakaa tope. Bamvua asubuhi saa nne huko kwetu ni watoto wanaokota kaa. Tulingoja maji yapande, saa saba na nusu tukatoka, vijana kumi na sita na jezi kwenye gunia, mmoja anatapika njia nzima kwa sababu alikula wali wa jana. Tukashuka jeti ya Lamu saa tisa na robo, tukakata vichochoro mpaka Twaif.

Uwanja mtupu. Nyavu zimeshafunguliwa. Chokaa ya mistari imekanyagwa na punda wawili waliokuwa wakijitafunia maboksi karibu na kibendera cha kona. Mtoto mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamuuliza wenzetu wako wapi. "Walikuja asubuhi, wakangoja, refa akapiga filimbi, wakaenda zao."

Simu za wapinzani wetu ziliwaita saa tatu na nusu, kwa sababu programu hutuma kengele nusu saa kabla ya mechi. Ya refa pia. Yangu haikulia, kwa kuwa kwetu mtandao una siku zake. Siwalaumu wale wa mjini hata chembe. Walifika walipoitwa. Refa naye alifanya kazi yake. Kwenye programu pakaandikwa WO, yaani wokova, na sisi 0-3.

Nikauliza kamati: hii ni wokova kweli? Wokova ni timu isiyotokea saa iliyopangiwa. Sisi tulitokea saa tuliyopangiwa na mdomo wa kamati. Nikaambiwa, "Mfumo ndio unaotambulika." Nani alisema? Karatasi ya kanuni tuliyotia sahihi ina ukurasa mmoja, neno wokova halimo, neno mfumo halimo, kilichomo kwa herufi kubwa ni ada ya ushiriki na marufuku ya kutafuna muguka kwenye benchi.

Ile 3-0 yenyewe siibishii. Hata kanuni za nidhamu za FIFA zinasema anayenyang'anywa mechi huhesabiwa amefungwa 3-0, isipokuwa uwanjani alikuwa amefungwa zaidi. Sawa. Nilikata rufaa kwa maandishi, nikaibandika na ile sauti, mpaka leo haijajibiwa. Tukasema basi, tutazitafuta pointi mbele ya safari.

Tukazitafuta. Mechi saba tulizocheza kwa miguu yetu tumeshinda nne, sare moja, tumefungwa mbili, na tofauti ya mabao yetu, tuliyofunga ukitoa tuliyofungwa, ilikuwa +4. Tia ile ya mezani, inashuka mpaka +1. Timu tunayolingana nayo kwa pointi ina +3. Lakini tulipokutana nao uwanjani tuliwafunga 2-1. Mnaona sasa mchezo ulipo? Ukitenganisha timu kwa matokeo yao walipokutana, Siyu ni wa nne. Ukitenganisha kwa tofauti ya mabao, Siyu ni wa tano. Na ukitoa yale mabao matatu ya saa ya Kizungu, hata kwa tofauti ya mabao Siyu ni wa nne.

Msimu mzima programu ilikuwa imewekwa kwenye "walipokutana". Ijumaa usiku, ligi imeshakwisha, mtu akaingia akabadili ikawa "tofauti ya mabao". Kugusa mara moja tu.

Najua mtakayosema: Ligi Kuu ya Uingereza inatumia tofauti ya mabao. Ndiyo. Na Hispania timu zikilingana pointi hutazamwa kwanza zilivyofungana zenyewe. Zote mbili ni njia halali, wala sina timu kati ya hizo. Cha msingi ni kwamba kule unaijua kabla hujafunga kamba za viatu.

Mnakumbuka Senegal, Kombe la Dunia 2018 kule Urusi? Mimi nilitazama nimesimama kwa sababu viti vilikwisha. Senegal na Japani: pointi 4 kila mmoja, mabao wamefunga 4 na kufungwa 4 kila mmoja, na walipokutana walitoka 2-2. Ikabidi zihesabiwe kadi. Japani njano 4, Senegal njano 6, Senegal wakafunga virago. Iliuma, ila hakuna Msenegali aliyeweza kusema hakuambiwa. Tena wale Wajapani dakika za mwisho walikuwa wanafungwa 1-0 na Poland wakawa wanapigiana pasi nyuma tu, uwanja mzima unazomea. Walijua kanuni, wakaicheza kanuni.

Sasa rudini Twaif, mechi yetu ya mwisho. Tunaongoza 1-0, dakika ya 60 na kitu, wapinzani wamechoka, winga wetu wa kushoto anawapita kama wamefungwa nanga. Kocha akanigeukia, "Katibu, tunahitaji nini?" Nikatoa simu, nikatazama, nikamwambia ushindi wowote unatosha, tukilingana na wale tuliwafunga. Akamtoa winga, akaingiza beki. Tukakaa nyuma mpaka filimbi ya mwisho.

Ile sentensi nilimwambia mimi. Tangu Jumamosi kila nikilala naisikia. Ningejua yanahesabiwa mabao, tungeendelea kufunga, au tungejaribu na kushindwa kama wanaume. Yule winga ana miaka kumi na tisa, anavua na baba yake, na ananiuliza kwa nini alitolewa. Nimwambie nini?

Kuna na lile la raundi ya saba pia, nalitaja kwa kupita. Upepo wa kusi ulivuma, boti za upande wetu hazikutoka, kamati ikatangaza mechi "imeahirishwa". Uungwana huo, ahsanteni. Kwenye programu wakabonyeza "futa". Kuahirisha ni kusogeza mbele. Kuvunjika ni mechi kuanza ikakatika. Kufuta ni kama haikuwahi kupangwa. Mechi ikapotea kabisa kwenye ratiba, na ilinichukua wiki mbili za kupiga simu hadi ikarudishwa. Katika simu hizo nilijibiwa mara moja kwamba "si ni kitu kimoja tu?"

Wapo walionitumia ujumbe pembeni kwamba nisifanye mambo makubwa, ni ligi ya mtaa, hakuna mshahara. Wanasahau kwamba petroli ya boti tulichangishana wenyewe, kuna mama wa mahamri aliyetoa mauzo ya siku nzima. Kwetu kwenda Twaif ni safari, si kutoka nje ya mlango ukavuka kichochoro.

Ninachotaka kamati ijibu, na ijibu kwa maandishi: nani alibadili njia ya kutenganisha timu Ijumaa usiku, na kwa kikao kipi? Rufaa ya raundi ya tano iko wapi? Na kabla nusu fainali haijachezwa, maneno haya, wokova, bai, kuahirisha, kufuta, yaandikwe maana yake kwa Kiswahili karatasi mbili tatu, yasomwe mbele ya makatibu wote, na saa ziandikwe "asubuhi" au "jioni". Nitaandika mimi mwenyewe kama wino umewaishia.

NYONGEZA, Jumatatu baada ya magharibi: Wengi mnauliza kama kamati imesema lolote. Imesema. Muda mfupi uliopita umeingia ujumbe wa sauti kwenye grupu la makatibu, mtu yule yule, sauti ile ile: "Nusu fainali ya kwanza Jumamosi, kumi kamili, msichelewe." Katibu wa timu iliyochukua nafasi yetu kauliza hapo hapo, "Kumi ipi?" Tiki mbili za buluu zimeshatokea. Jibu bado.