Mrejesho: Kitabu changu cha watoto kimetoka

Wakuu, niliwauliza kama nichapishe mwenyewe hadithi yangu ya watoto au niendelee kusubiri wachapishaji. Nimechapisha. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, nilipata Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi, Dar, haikunisumbua. Shughuli ilikuwa kurasa: kitabu cha kupiga pini katikati sharti kurasa zigawanyike kwa 4, na mimi nilikuwa na 26. Nikafyeka mbili; mbuzi wa hadithi yangu sasa anapanda daladala ya Mbagala bila maelezo, konda anamdai nauli, na hadithi imechangamka. Mchoraji nilimlipa mapema kama mlivyoshauri. Maduka yanataka mali kauli, yaani wachukue vitabu kwanza walipe baadaye, na hela utaisubiri mpaka uchoke, kwa hiyo nawauzia zaidi walimu wa chekechea. Cha pili nimeshaanza, kinamhusu kunguru wa Posta.